Shemeji anataka ninunue TV ya 4K

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kila akija Morogoro huleta habari za Dar kana kwamba huku redio hazishiki. Pasaka iliyopita alifika, akavua viatu, akajitupa kwenye sofa, akaitazama TV yangu ya inchi 43 niliyoinunua 2017. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa usiku wa manane.

"Shem, bado mnaangalia Full HD?"

Yeye kwake kaweka inchi 55, 4K, yaani picha yenye nukta (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) mara nne ya Full HD yangu. Anasema nikiiona hiyo picha sitarudi nyuma. Mke wangu alikuwa anasikia yote kutoka jikoni, na tangu siku hiyo neno 4K limehamia nyumbani kwangu. Binti yangu analitaja, mdogo wake analitaja, juzi hata mama mkwe kaniuliza kama hiyo "foke" ni ugonjwa wa macho.

Wanaonisoma kwa muda wanajua mimi si mtu wa kukimbia mashine. Kabla ya hii steshenari ninayouza bahasha na kupiga picha za pasipoti, nilikuwa na maktaba ya kanda pale Msamvu. Nilifungua 1999 nikiwa na kanda 140, deki mbili, na TV ya chogo ya inchi 14 ya kumwonyesha mteja kwamba kanda ni nzima. Za Kihindi, za ngumi, na baadaye za Kinaijeria, ambazo zilikuwa haziishi part two. Kukodi ni shilingi 300 kwa usiku mmoja, na ukirudisha bila kurewaindi unaongeza hamsini. Kwa hiyo mabadiliko ya mitambo ya video mimi sikuyasoma mahali. Yalinipitia mfukoni.

Na nilichojifunza pale kaunta ni hiki: sijawahi kumwona mteja aliyehama kwa sababu ya ung'avu wa picha.

Angalia. VHS, mfumo wa kanda hizo, ilitolewa na JVC kule Japani mwaka 1976, na sisi tukaitumia mpaka ikachakaa mikononi. Ilipoingia CD ya video, ile VCD, watu waliikimbilia kama mgawo wa sukari. Lakini picha ya VCD ni nukta 352 kwa 288 tu. Kwa macho yangu haikuizidi kanda iliyo safi, na kwenye matukio ya haraka ilikuwa inakatika vipande vya mraba mpaka uso wa staa unafanana na tofali. Tena CD moja inabeba dakika 74, kwa hiyo filamu ya Kihindi inakuja na CD mbili au tatu, unanyanyuka kubadilisha katikati ya wimbo. Pamoja na hayo ilishinda. Kwa nini? Hairewaindiwi, haimezwi na deki, na kuichoma ni rahisi.

Halafu DVD. Hapo kweli kulikuwa na hatua: 720 kwa 576, yaani nukta mara nne ya VCD, na filamu nzima kwenye sahani moja. Nikanunua deki mpya, nikaiunga kwenye chogo yangu, nikawaita wateja waje kuona maajabu. Hakuna hata mmoja aliyesema picha imekuwa nzuri. Waliniuliza, "Hii haigandi?" Basi.

Baada ya miaka michache zikaja zile sahani za filamu ishirini kwa moja. Nadhani ndizo zilizoniondoa kwenye biashara, maana nani akodi filamu moja wakati kwa elfu mbili anaondoka na ishirini? Sahani ya DVD ya kawaida ina GB 4.7. Filamu moja ikipewa nafasi yake inaweza kuimaliza yote. Ukizibana ishirini humo, kila moja inabaki na MB 235 hivi, pungufu hata ya ile VCD tuliyoidharau. Juu ya jalada wameandika HD kwa rangi ya dhahabu. Watu walizinunua, wakaziangalia, wakacheka, wakalia, mabanda ya video yakajaa.

Blu-ray, sahani ya HD iliyokuja baada ya DVD, mimi niliiona mara moja tu. Binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo 2010 na zawadi ya sahani ya rangi ya buluu. Tukaitumbukiza kwenye deki, deki ikaizungusha, ikakohoa, ikaandika hakuna sahani. Tukaifuta kwa fulana, tukarudia. Tukapuliza. Kumbe tatizo ni mwanga wenyewe: DVD inasomwa kwa leza nyekundu, Blu-ray kwa leza ya buluu-zambarau ambayo mawimbi yake ni mafupi zaidi, kwa hiyo inasoma alama ndogo zaidi na sahani moja inabeba GB 25 au 50. Deki yangu haikuwa na jicho la kuiona. Ile sahani mke wangu aliitundika kwenye mpapai kufukuzia ndege. Ilifanya kazi vizuri.

Wenzetu huko nje ndio walioumia. Blu-ray ilikuwa na mpinzani anaitwa HD DVD, mtoto wa Toshiba, zote zimeingia madukani 2006. Watu wakagawanyika, wengine wakanunua hii, wengine ile. Februari 2008 Toshiba wakatangaza wanaacha. Mtu ana deki nzuri, ana rafu ya filamu, na hakuna mpya itakayotoka tena. Huku kwetu tulikuwa bado tunachoma VCD, hasara hiyo ikatupita juu kama ndege ya Nairobi.

Sasa turudi kwa shemeji. Baada ya yeye kuondoka sikutaka kubishana kwa maneno, nikachukua futi ya fundi cherehani nikapima. Kutoka sofa hadi TV ni mita 3, pungufu kidogo.

Jicho zima, la mtu asiyehitaji miwani, lina kikomo chake. Ukiwa mita 3.4 kutoka kitu, milimita 1 ndiyo nafasi ndogo kabisa unayoweza kuitenganisha. Chini ya hapo nukta mbili zinakuwa moja. Ukisogea, kikomo kinashuka. TV yangu ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 na nusu. Gawa kwa mistari 1080 ya Full HD, kila nukta ni nusu milimita. Kuziona hizo nukta mojamoja lazima nikae mita 1.7 kutoka kwenye kioo. Nikiwa mita 3 nimeshapitwa. Za 4K ni nusu ya hapo, robo milimita, ambazo ningezifaidi nikikaa sentimita 85, yaani magoti yanakaribia kugusa meza ya TV. Hata hiyo inchi 55 ya shemeji, kwa Full HD tu, ukiwa mbali zaidi ya mita 2.2 jicho limeshashiba. Na macho yangu nina miaka 52, nina miwani ya kusomea, na miwani yenyewe imekatika mkono mmoja.

Hesabu haikumridhisha binti yangu, anasoma sayansi. Akasema tufanye jaribio. Akatafuta filamu moja katika faili mbili, moja ya kiwango cha DVD iliyotengenezwa vizuri, nyingine Full HD, akazitia kwenye flashi, akazibadilisha majina ili nisijue ipi ni ipi. Tukakaa watu watano. Mke wangu alikosea. Mimi nilipatia, lakini nilikuwa nimebahatisha, nilipoulizwa sababu sikuwa nayo. Mama mkwe alisema zote zina huyo kijana muuaji, zinatofautiana nini? Mwanangu wa kiume peke yake ndiye aliyepatia kwa sababu: aliona nywele na maandishi ya chini. Naye alikuwa amelala kwenye zulia, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye TV.

Sitasema uongo ili kushinda. Tulipoweka mpira mambo yalibadilika. Kamera ya mpira inakaa mbali, wachezaji ni wadogo, mpira ni kidoa. Kwenye chaneli isiyo HD namba za jezi nilikuwa nazikisia. Kwenye HD nikazisoma, hata mke wangu akazisoma. Kwa hiyo anayeniuliza kama kuna faida kutoka picha ya kawaida kwenda HD, namjibu ipo, na kama ni mtu wa mpira asichelewe. Kutoka HD kwenda 4K kwa umbali wa sebule zetu, hapo ndipo ninapoiona pesa inayeyuka. Nyingi ya hizi 4K zinasifiwa pia kwa rangi, weusi kuwa mweusi na mwanga kuwa mwanga, na kwa zile za bei ya juu nakubali. Zile za bei ya kati nyingi zimebandikwa tu stika, kioo chenyewe hakina mwanga wa kutosha kuonyesha hizo rangi.

Tena unailisha nini? Mwezi wa saba nilikwenda Dar kuchukua karatasi za duka, nikalala kwa shemeji. TV ni kubwa kweli, imekula ukuta. Kawasha taarifa ya habari, mtangazaji ana ukungu usoni na maandishi ya chini yana manyoya. Nikazunguka nyuma. King'amuzi chake ni cha HD, kina tundu la HDMI, lakini kimeungwa kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Waya ya njano haipitishi HD hata ukiibembeleza. Yaani katoa milioni moja na laki mbili, halafu kwa mwaka mzima ameangalia picha ileile niliyokuwa nawaonyesha wateja Msamvu, isipokuwa imepanuliwa. Nikatoka mpaka kwa mpemba wa mtaani kwao, nikanunua waya ya HDMI kwa shilingi elfu saba. Picha ikabadilika hadi watoto wakashangilia. Shemeji akasema alikuwa anajua, alikuwa anasubiri fundi.

Na hapo ni HD, bado hatujagusa 4K. Hiyo 4K yenyewe ataitoa wapi? Kwenye intaneti. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, na saa moja ya 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili ni GB 14. Anayetumia bando la simu apige hesabu mwenyewe, mimi nitapandisha presha bure.

Jioni hiyohiyo tuliweka mkanda wa harusi yangu. Ni wa 1996, VHS, nilikuwa nimeuhamisha kwenye kompyuta baada ya miezi ya kutafuta deki inayofanya kazi. Siku hizi deki za VHS ni za kuokoteza. Funai wa Japani, waliokuwa wamebaki wakizitengeneza, waliacha 2016. Mkanda ulikuwa na ukungu mweupe pembeni, nikaufuta taratibu kwa spiriti, picha ikatoka na michirizi lakini imetoka. Kwenye ile inchi 55 ya shemeji ikajivuta kulia na kushoto, kila mtu akawa mnene mara moja na theluthi. Shangazi yao mkubwa alikuwapo sebuleni, akauliza, "Huyo mama wa kitenge cha kijani ni nani, mbona kanenepa hivyo?" Ilikuwa ni yeye. Ilibidi nitafute rimoti haraka, nikaweka nne kwa tatu, umbo la picha za TV za zamani, watu wakarudi kwenye miili yao.

Nilipokuwa humo kwenye rimoti nikazima na kile kitu kinacholainisha mwendo wa picha, ambacho kinafanya kila filamu ionekane kama tamthilia iliyopigwa uani kwa jirani. Madukani TV nyingi zinakuja kimewashwa. Kama kwenu filamu zimeanza kuonekana za bei rahisi tangu mnunue TV mpya, anzeni na hapo.

Zile pesa alizotaka nitoe Pasaka nimezigawa. Sehemu imekwenda kwenye deki ya mtumba na kifaa cha kuhamishia kanda, na sasa nahamisha kanda za watu pale dukani, elfu kumi kwa kanda moja, ukiwa na ukungu tunaongea. Za harusi, za kipaimara, za misiba. Wateja wananiuliza kama nitawatolea kwa HD. Nawaambia mkanda una mistari yake, siwezi kuuongezea ambayo kamera haikuiona.

Hii inchi 43 ikifa nitanunua 4K, maana kwa ukubwa huo naona madukani Full HD zinazidi kuwa adimu. Nimemwambia shemeji hivyo kwenye simu juzi. Nikamweleza tena habari za mita 3 na robo milimita, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa shem, si usogeze sofa?"

Nimemuuliza mke wangu. Anasema sofa haliendi popote, nyuma ya sofa anataka kuweka friji.