Kabla hujalaza uso wako chini ya leza

Mistari ilianza kuonekana siku ya nne. Vipande vitatu vya mstatili kwenye shavu la kushoto, kila kimoja na upana wa kidole gumba, vimepangana kama matofali, vyeusi kuliko ngozi iliyovizunguka. Nilikwenda kuondoa madoa ya chunusi, nikarudi na haya.

Ilikuwa mwaka 2021, hapa Dar. Sehemu yenyewe sitaitaja. Dada aliyenihudumia alikuwa mchangamfu na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alifundishwa kubonyeza mashine, ngozi hakufundishwa. Aliniuliza kama nina mzio, nikasema sina, nikasaini karatasi, nikapanda kitandani. Hakuuliza usiku napaka nini. Hakuuliza wikiendi nilikuwa wapi, na wikiendi hiyo nilishinda ufukweni Bagamoyo, juani mchana kutwa. Mashine ilipogusa shavu nilisikia harufu ya vinyweleo vilivyoungua. Nikamwambia panachoma sana. "Vumilia kidogo dada, ni kawaida." Nikavumilia mara mbili zaidi. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko pesa.

Maelezo nilikuja kuyapata kwa daktari wa ngozi, mama mmoja wa makamo aliyesomea fani hiyo Moshi, kwenye kile kituo cha KCMC kinachofundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Alinieleza kwamba mwanga wa mashine hizi hupita kwenye ngozi mpaka ukutane na kitu cha kuumeza, na ukimezwa hugeuka joto. Sisi weusi tuna melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nyingi tabaka la juu kabisa, kwa hiyo mwanga humezwa palepale mlangoni na kupaunguza, kabla haujafika kwenye doa ulilolilipia. Mashine haijui doa ni lipi na ngozi yako ni ipi; kwayo vyote ni weusi. Ngozi iliyotoka kuchomwa na jua ndiyo huwa mbaya zaidi, kwa sababu melanini imeamka. Halafu ikijeruhiwa, ngozi yetu hujibu kwa kumwaga weusi zaidi, na ndiyo ile mistari yangu.

Nilishangaa kuambiwa kwamba nilichofanyiwa hakikuwa hata leza. Kilikuwa IPL, mwako wa mwanga wa mawimbi mengi kwa pamoja, ingawa tangazo liliandika leza kwa herufi kubwa. Leza hutoa wimbi la urefu mmoja, na urefu huo ndio unaoamua usalama wako. Kwa ngozi nyeusi daktari alipendelea leza iitwayo Nd:YAG, yenye wimbi la urefu wa nanomita 1064, kwa kuwa melanini huumeza mwanga huo kidogo kuliko mawimbi mafupi, ukapata nafasi ya kuzama chini. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika popote liwe hili: mashine ni aina gani, na ni watu weusi wangapi umewafanyia kwa mkono wako? Omba picha zao. Kuna kipimo cha rangi ya ngozi wanachokitumia, cha daktari wa Marekani aitwaye Fitzpatrick, cha mwaka 1975. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe tu. Namba 5 na 6, ambako ndiko tuliko wengi wetu, ziliongezwa baadaye. Anayetaka kukuchoma uso bila kukuambia uko namba ngapi, mshukuru na uondoke.

Narudi kwa daktari. Alinisogeza dirishani, akaangalia uso wangu kwa kilenzi chenye taa, akauliza, "Mwanangu, umewahi kupaka mkorogo?"

Nikasema hapana.

Hakubisha. Alishika mkono wangu, akaugeuza, akawa anaviangalia vifundo vya vidole kimoja kimoja. Vyangu ni vyeusi kuliko mkono wenyewe, na kila mwanamke wa mjini anajua maana yake. Akasema taratibu, "Mimi si polisi. Nataka kujua nitakachokipiga mwanga ni ngozi ya namna gani."

Basi nikamwambia. Miaka miwili nilipokuwa chuo, vikopo vya Kariakoo visivyo na lebo, vinavyokorogwa mbele yako. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Akaniandikia kwenye kitabu kwamba huenda vilikuwa na steroidi, inayochakaza ngozi ikawa nyembamba, na haidrokwinoni au zebaki, kemikali za kung'arisha ngozi ambazo katika vipodozi zimepigwa marufuku nchini. Ngozi ya namna hiyo haitabiriki chini ya leza. Ukitaka kudanganya mahali popote, usidanganye kwenye kiti kile.

Yaliyobaki nilimweleza bila kuulizwa. Kwamba hutokwa na malengelenge mdomoni nikiugua: akasema leza huweza kuyaamsha yakaenea usoni, na angenipa vidonge vya asikloviri vya kuzuia. Kwamba mama yangu ana makovu ya kuvimba kifuani, keloidi: hapo aliuliza maswali mengi na kunikagua mabega na masikio. Kama uliwahi kumeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, usiitaje kwa mzaha, taja na mwezi ulioacha. Mimba pia.

Kisha hakunifanyia kitu. Miezi mitatu nilipaka krimu ya kulainisha, dawa ya asidi ya azelaiki kwa ile mistari, na kinga ya jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu. Alitaka kinga ya jua yenye rangi ya ngozi, kwa sababu ile rangi ina oksidi za chuma zinazozuia mwanga wa kawaida tunaouona, ambao nao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi. Nikiwa kwenye daladala nilijifunza kukaa upande usio na jua. Mistari ilififia polepole mno. Ya mwisho ilichukua karibu miezi minane.

Ndipo akafanya jaribio. Chini ya taya, karibu na sikio, kiduara cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Akapiga picha, akanirudisha nyumbani wiki sita. Madhara ya weusi hayaji siku hiyohiyo, huchukua wiki, kwa hiyo jaribio la asubuhi na uso mzima jioni si jaribio. Kila asubuhi nilikuwa nasogea kioo, navuta sikio, natazama. Pakabaki pasafi.

Siku yenyewe ilikuwa nyepesi. Wiki moja kabla nilikuwa nimeacha krimu ya tretinoini, dawa ya chunusi inayochubua ngozi. Uso mtupu, ganzi ya kupaka, macho yamefunikwa, yeye na sista wake wamevaa miwani maalumu. Unachohisi ni kama cheche za mafuta ya maandazi, tena na tena. Safari hii niliposema panachoma, alisimama, akapunguza nguvu. Usitegemee kuona wekundu kama kwenye picha za Wazungu. Kwetu huonekana kama kiza kidogo na joto, kwa hiyo pima kwa mkono. Joto lisipotulia, au pakitoka lengelenge, piga simu siku hiyohiyo.

Nimefanya mara nne, mwezi na zaidi kati ya moja na nyingine. Madoa yamepungua sana. Mashimo ya chunusi yamepungua kina, ila yale membamba yenye kina yapo, na daktari alishaniambia mapema kwamba yangebaki. Bei uliza ya awamu zote pamoja, si ya siku ya kwanza.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia. Sendofu yake ni baada ya wiki tano, amepata punguzo la leza mahali fulani, anataka ang'ae. Nilimhesabia kwenye simu: jaribio peke yake ni wiki sita. Akanung'unika. Nikamwambia aje Jumamosi twende kwa daktari wangu, aanze kinga ya jua sasa, leza itamngoja baada ya harusi. Kabla hatujaagana nikamuuliza kama anapaka mkorogo.

Akanyamaza muda mrefu.

"Dada, nitakuambia Jumamosi."