Kwa hiyo nitoe mkono?

Miaka kama miwili iliyopita kuna ofisi moja maeneo ya Posta walinipa kazi ya kuwatengenezea edita yao ya kuandikia barua na mikataba, vichwa vya barua na nembo viwe tayari humo, maana wachapaji walikuwa wanafungua faili la mwaka juzi wanabadilisha juu juu halafu jina la mteja wa zamani linabaki huko ukurasa wa tatu. Nikajiambia hawa ni watumiaji wa kawaida, hawataki mambo mengi. Nikaweka mabatani makubwa makubwa, picha, rangi, na ya kusevu nikaipaka kijani ambayo hata bibi yangu kule Muheza angeiona bila miwani. Shotikati za kibodi, yaani kubonyeza vitufe badala ya kubofya batani, sikuweka hata moja, hizo si za madevelopa bwana.

Siku ya kuonyesha kazi nikakaa pembeni ya mchapaji wao wa siku nyingi, ofisi nzima wanamwita Bi Mkubwa. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaanza. Aisee. Macho yapo kwenye karatasi, kibodi haangalii, skrini haangalii, na huku anamjibu mtu aliyekuja kuulizia chai. Mausi kaisukuma huko nyuma karibu na stepla, imeshika vumbi kabisa. Akamaliza aya ya kwanza, vidole vikaenda vyenyewe kusevu, kimya. Akarudia, kimya. Ndo akaniuliza, mwanangu, hapa nasevu wapi? Nikamwonyesha ile batani ya kijani, tena kwa furaha. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo kila nikisevu nitoe mkono?"

Nikabaki namwangalia tu.

Kumbe yule mama alianzia kwenye WordPerfect 5.1, programu ya kuchapia ya enzi za DOS, kabla Windows haijashika, iliyotoka 1989, skrini ya bluu ambayo ukiifungua huoni hata dalili ya pa kuanzia. Siri yote ilikuwa kwenye kamkanda kanakokaa juu ya vitufe vya F: F6 inakoleza, F8 inapiga mstari chini, F7 unatoka, F10 unasevu. Mgeni bila hako kamkanda haambulii kitu. Na waliokuwa wanaiendesha ile kitu kama wanapiga kinanda hawakuwa mainjinia, walikuwa masekretari, na mi nilikuwa nishapanga kichwani kwamba mtaalamu ni mtu wa kompyuta kama mimi, wengine wote ni wa kawaida, wakati kwenye kuchapa barua pale mshamba alikuwa mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mi mwenyewe natumia Vim, edita ya kuandikia programu inayoendeshwa kwa kibodi tu, kila siku na huniambii kitu kuhusu kutoa mkono kwenye kibodi. Babu yake Vim ni vi, Bill Joy aliiandika kule Berkeley mwaka 1976, kwenye tamino ya ADM-3A, yaani skrini na kibodi tu vilivyounganishwa na kompyuta iliyo mbali, ambayo mishale ilikuwa imechorwa juu ya herufi H, J, K na L, ndo maana mpaka leo tunasogea kwa hizo herufi. Modemu yake ilikuwa ya baudi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde, sasa hapo utaweka menyu ya nini, si utangoja mpaka ukue? Herufi moja, amri moja, basi. Ila mgeni akiingia humo anaumia. Kuna swali Stack Overflow, tovuti ambayo madevelopa wanaulizana maswali, la mtu anayeuliza namna ya kutoka Vim, kufika 2017 lilikuwa limeangaliwa mara zaidi ya milioni moja. Mi pia nilikwama siku yangu ya kwanza kwenye seva, nikafunga laptopu nikaenda kula. (Halafu ukifungua Vim bila faili inakuomba usaidie watoto wa Uganda, Bram Moolenaar marehemu aliiweka hiyo, jirani zetu wapo kwenye skrini za dunia nzima.)

Nano, edita nyingine, wao wakaandika amri chini ya skrini, mistari miwili. Inamtosha mtu anayekuja kubadilisha kitu kimoja aondoke zake. Lakini mistari hiyo inakaa pale hata ukishazijua zote.

Kwa maoni yangu waliopatia ni Emacs, edita nyingine ya siku nyingi, na sisemi hivyo kirahisi maana siipendi. Ukiita amri kwa kuandika jina lake refu inafanya kazi, halafu chini inakuambia kwa upole kwamba hii ungeweza kuiita kwa vitufe fulani. Haikuzuii wala haikuchoshi, unaambiwa ukiwa tayari unakihitaji hicho kitu. Mtu anakuwa mgeni wiki moja, mbili, baada ya hapo anachapa miaka kumi, na mi nilikuwa nimeitengeneza programu nzima kwa ajili ya ile wiki moja.

Nikarudi nyumbani Sinza nikaifumua. F10 ikasevu, F7 ikatoka, F6 ikakoleza, kila batani nikaiandikia ubavuni kitufe chake kwa herufi ndogo. Kamkanda nako nikakaprinti, nikakalaminisha steshenari ya pale Mwenge na kukabandika kwa selotepu juu ya kibodi zote tatu. Bi Mkubwa akakabandua ka kwake siku hiyo hiyo, eti kanamkera. Binti wa fildi ambaye alikuwa anatafuta herufi kidole kimoja kimoja yeye akakaacha, na nilivyopita mwezi uliofuata nikamkuta anapiga F10 bila kutazama.

Batani ya kijani sikuitoa. Anaitumia bosi, akija mara moja kwa mwezi kurekebisha jina la mtu kwenye mkataba.