Okidi ile ile, rangi nyingine: kagua wiki za tumba

Okidi iliyochanua zambarau iliyokolea mwezi wa Agosti inaweza kutoa maua yaliyopauka ifikapo Januari, na hapa Mtwara hilo hutokea kila mwaka. Kabla ya kumlaumu muuzaji au kubadilisha mbolea, hesabu nyuma. Rangi ya ua huamuliwa tumba likiwa bado limefumba, na matumba ya wakati wa kusi hayakui katika joto lile lile la matumba ya kaskazi.

Zambarau, waridi na nyekundu za okidi hutokana na anthosiani, rangi iliyoyeyuka katika maji ya ndani ya seli za petali. Mmea huitengeneza kwa sukari inayotoka kwenye majani, na kazi hiyo huenda vizuri kukiwa na mwanga wa kutosha mchana na ubaridi usiku. Joto likizidi, utengenezaji hupungua, na ile iliyokwisha kutengenezwa huvunjika upesi zaidi. Juu ya hapo, mmea uliolala kwenye usiku wa fukuto hupumua kwa kasi na kuila sukari ambayo ingekwenda kwenye ua. Tumba nalo hufunguka haraka, kabla rangi haijakolea.

Njano na chungwa ni karotenoidi, jamaa ya rangi ya karoti na embe bivu. Hizi hazitikisiki kirahisi. Kwa hiyo okidi ya njano yenye madoa mekundu, ikichanua kwenye joto kali, hubaki njano huku madoa yakififia, na mwenyewe akaapa kwamba amebadilishiwa mmea. Nyeupe haina cha kupoteza, ingawa baadhi ya Phalaenopsis nyeupe (okidi ya petali pana, kama mabawa ya nondo) huona haya ya waridi mgongoni mwa petali zikipata baridi.

Sasa tazama kalenda ya kwetu. Phalaenopsis hutoa kikonyo cha maua vizuri ikipata wiki 3 au 4 za usiku wa nyuzi 16 hadi 18 hivi. Pwani ya Mtwara, hata Julai, usiku huzunguka nyuzi 19 au 20, kwa hiyo kikonyo huchelewa au hakitoki kabisa. Aliye Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ana bahati zaidi. Toka kikonyo kitokeze hadi ua la kwanza ni miezi 2 hadi 3. Kilichoanza Juni huchanua Agosti au Septemba, hewa ikiwa bado tulivu. Kilichoanza Septemba matumba yake huvimba Novemba na Desemba, joto likiwa limepanda na usiku haushuki sana chini ya nyuzi 23. Mmea ni mmoja, mbolea ni moja, rangi mbili.

Kuna na hili la kukata kikonyo juu ya kifundo ili kichipue tena. Kinachipua kweli, lakini maua ya pili huwa machache, madogo, na mara nyingi yamepauka, kwa sababu akiba ya mmea imekwisha na joto ndilo linaingia. Kwa pwani yetu naona ni afadhali kukata kikonyo chini kabisa maua yakiisha, ukauacha mmea ujenge majani wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili.

Matumba yakifikia ukubwa wa punje ya karanga, ndipo uangalizi una faida. Hamishia chungu baraza ya mashariki, kipate jua la asubuhi hadi kama saa 3, kisha kivuli. Weka alama upande unaotazama mwanga na usikigeuze tena, maana maua yatajipinda. Jioni mwagia maji sakafuni ili kupoza hewa, si kwenye matumba. Kipime kivuli cha mkono wako sentimita 30 juu ya jani: kikiwa na kingo laini, mwanga unaitosha Phalaenopsis, kingo kali ni za Vanda, okidi inayotaka jua zaidi. Neti ya kivuli ya asilimia 70 inaifaa ya kwanza, ya asilimia 50 inaifaa Vanda. Vanda iliyofichwa chini ya mwembe itatoa maua mepesi hata msimu ukiwa mzuri, kama itachanua. Na ua la Vanda usilihukumu siku ya kwanza, kwani hufunguka jepesi, likakua na kukolea kwa siku kadhaa.

Mbolea iwe kidogo: 20-20-20 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), robo kijiko cha chai kwa lita 4 za maji kila wiki, na kila wiki ya nne maji matupu ya kuosha chumvi. Kwa wenye visima karibu na bahari kuosha huko kufanyike kwa maji ya mvua, hasa kama umepanda kwenye makumbi ya nazi ambayo nayo huja na chumvi. Mizizi iliyoungua haipeleki maji kwenye ua, na ua lenye kiu hudumaa na kupoteza rangi.

Misumari yenye kutu, majivu na ndimu havibadilishi rangi ya okidi. Imani hiyo imetoka kwa hidrenjia, ambayo rangi yake hufuata aluminiamu na uchachu wa udongo. Okidi haina tabia hiyo, na majivu yanaweza kuichoma mizizi.

Msimu wa kupuliza mikorosho, vumbi la salfa hutua juu ya petali na ua likaonekana limefifia wakati halijafifia. Ondoa chungu upande wa upepo kabla ya kupuliza. Likishatua, nyunyizia maji safi asubuhi na mapema, kwani salfa juani huunguza.

Ukiona mabadiliko ni sawasawa kwenye maua yote, tafuta sababu kwenye joto, mwanga na nguvu ya mmea. Bluu kali iliyorudi nyeupe si ya asili: rangi ilidungwa kwenye kikonyo, na hakuna matunzo yatakayoirudisha. Mabaka yanayohama toka ua hadi ua, au ua moja nusu zambarau na nusu nyeupe, hayo ni ya jeni. Phalaenopsis za mabaka makubwa, zilizotokana na chotara aitwaye Golden Peoker huko Taiwan, zinajulikana kwa kutotulia. Kila kikonyo huweza kuja na mpangilio wake, na hata ukioteshea chipukizi lake hutapata nakala kamili.

Kwa kulinganisha, usitegemee kumbukumbu. Piga picha siku ya tano baada ya ua kufunguka, saa 2 asubuhi, kivulini, na karatasi nyeupe pembeni ili rangi ya kamera isikudanganye. Nyuma ya kibandiko cha chungu andika tarehe kikonyo kilipotokeza na tarehe matumba yalipofikia karanga. Ukiwa na picha za misimu 2 na tarehe hizo, utaona mwenyewe zile rangi zilizopauka zimetoka miezi gani.