Sentimita 20 za kimo, mita 12 za ardhi

Sheria ya ukanda wa pwani nchini India inaning'inia kwenye mstari mmoja: pale maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapofika juu kabisa kwenye nchi kavu. Kutoka hapo hupimwa mita 500 kuelekea bara, na humo ndani ndimo huamuliwa nani ajenge, nani achimbe mchanga na nani azuiwe. Tangazo la kwanza la sheria hiyo lilitoka Februari 1991, likaandikwa upya Januari 2011, kisha Januari 2019. Awali mstari ulichorwa na mashirika mbalimbali yaliyoidhinishwa. Tangu tangazo la 2019, mstari unaokubalika kwa majimbo yote ya pwani ni ule uliochorwa na Kituo cha Taifa cha Usimamizi Endelevu wa Pwani, taasisi ya wizara ya mazingira iliyoko Chennai.

Hesabu inayofanya kazi hii iwe nzito ni fupi. Ufuo wenye mteremko wa 1 kwa 60 hupanda mita 1 kwa kila mita 60 za kutembea. Ukikosea kimo cha maji kwa sentimita 20 tu, mstari unahama mita 12. Sasa tazama kanuni: kijijini penye watu zaidi ya 2,161 kwa kilomita ya mraba, kwa sensa ya 2011, eneo lisiloruhusiwa ujenzi ni mita 50 kutoka kwenye mstari, penye watu pungufu ni mita 200. Mita 12 ndani ya mita 50 ni karibu robo. Kosa ambalo halifiki nusu ya goti la mtu mzima linaweza kuiweka nyumba ya mvuvi upande usio wake.

Kwa hiyo mstari hautafutwi kwa kusimama ufuoni siku moja ya bamvua na kupiga picha. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hazilingani. Za karibu na Machi na Septemba kwa kawaida ndizo kubwa. Upepo wa kutoka baharini huyasukuma maji juu zaidi ya kimo kilichotabiriwa kwenye jedwali la kujaa na kupwa, na mawimbi nayo hupanda mchanga kwa nguvu yake yenyewe. Mpimaji anasoma alama zilizoachwa na bamvua nyingi: mguu wa tuta la mchanga, mwanzo wa mimea itambaayo isiyovumilia kufunikwa na maji ya chumvi mara kwa mara, utando wa mwani mkavu na takataka nyepesi, ukingo wa mikoko upande wa bara. Penye ukuta wa mawe, mstari hukaa ukutani. Utando wa mwani ndio unaodanganya kuliko vyote. Dhoruba moja huuacha juu kabisa, ukakaa huko miezi, na ufuo unaofagiliwa au unaokokotewa mashua hauna utando kabisa. Alama moja haitoshi. Zikikubaliana mbili au tatu, ndipo nukta inaandikwa.

Kwenye vijito na midomo ya mito alama hizo hupotea, na kanuni inatumia chumvi badala yake. Maji ya bahari yanahesabiwa kuishia pale chumvi inaposhuka hadi sehemu 5 kwa elfu, ikipimwa msimu mkavu kuliko yote mwakani. Anayepima baada ya mvua atapata mpaka ulio karibu mno na bahari. Chombo kizamishwe hadi karibu na sakafu, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi na huingia kwa chini huku yale matamu yakielea juu yake.

Kuchora mstari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kama unahama. Njia nyepesi, ambayo bado naiamini kuliko picha nyingi za setilaiti, ni ya fimbo mbili. Kila fimbo ina mita 1.5, imechorwa alama kila sentimita 1, na chini imefungiwa kibao bapa ili isizame kwenye mchanga laini. Unaanzia kwenye nguzo ya kudumu nyuma ya tuta. Fimbo ya pili inasimamishwa mita 1.5 mbele, kuelekea baharini. Mpimaji anakaa nyuma ya fimbo ya bara, analinganisha ncha ya fimbo ya mbele na upeo wa macho, kisha anasoma mahali mstari huo wa jicho unapoikata fimbo ya bara, akihesabu kutoka nchani kwenda chini. Huo ndio mshuko wa hatua hiyo. Ardhi ikipanda, kama kwenye mgongo wa mchanga ulioachwa na mawimbi, usomaji unageuzwa: jicho linawekwa kwenye ncha ya fimbo ya bara na kimo kinasomwa kwenye ile ya mbele.

Makosa yake hujumlika. Milimita 2 za upande uleule kwa hatua 50 ni sentimita 10 mwisho wa mstari wa mita 75. Sababu ya kawaida ni fimbo iliyoinama, na dawa yake ni timazi. Nyingine wengi hawaijui: upeo wa macho uko chini kidogo ya ulalo halisi. Kwa jicho lililo mita 1.5 juu ya maji, kila hatua inapoteza karibu milimita 1, daima upande uleule, na ufuo unaonekana umelala kuliko ulivyo. Siku ya ukungu, acha kazi.

Vipokezi vya setilaiti vya kisasa hupima haraka zaidi, ila kimo vinachotoa kwanza ni cha juu ya elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu linalokaribia umbo la dunia, si cha juu ya usawa wa bahari. Kusini mwa Sri Lanka usawa wa bahari umezama karibu mita 106 chini ya elipsoidi, tofauti kubwa kuliko popote duniani, na mwambao wa kusini mwa India uko jirani na shimo hilo. Mtu akisahau kusahihisha, kosa linaonekana mara moja. La hatari ni lile la kutumia modeli mbili tofauti za geoidi, yaani uso wa usawa wa bahari unaotumika kusahihishia kimo, katika miaka miwili tofauti, kwa maana tofauti yake ni ndogo na inafanana kabisa na mmomonyoko.

Picha za setilaiti nazo zina mtego wake. Picha mbili zilizopigwa maji yakiwa yametofautiana sentimita 60, kwenye mteremko wa 1 kwa 30, zitaonyesha ufuo umehama mita 18 hata kama hakuna punje iliyotoka. Andika saa ya picha, tafuta kimo cha maji cha saa hiyo, sahihisha, ndipo ulinganishe. Na ulinganishe msimu kwa msimu uleule.

Msimu una uzito mkubwa kwenye mwambao wa mashariki wa India. Upepo wa msimu wa kusini-magharibi husukuma mchanga kwenda kaskazini, wa kaskazini-mashariki huurudisha kusini, na jumla ya mwaka huelekea kaskazini. Bandari ya Chennai iliukata mwendo huo. Kuta zake zilizuia mchanga upande wa kusini, ufuo wa Marina ukatanuka, na kaskazini, huko Royapuram, bahari ikala ardhi. Mawe yaliyopangwa kulinda eneo hilo yalisogeza njaa ya mchanga mbele zaidi kaskazini. Puducherry, mji ulio kusini mwa Chennai, ilipitia jambo lilelile baada ya kuta za bandari yake za miaka ya 1980. Ndiyo maana mistari ya kupimia inapangwa pande zote mbili za ukuta, na karibukaribu upande unaonyimwa mchanga. Kila mstari uwe na nguzo 3 za rejea, moja ikiwa mbali bara. Bahari ikichukua nguzo pekee, miaka yote ya vipimo vya hapo inakosa mahali pa kushikia.