Data imeshakaa kwenye notibuku, ya nini kuipakia tena? Skripti yako iingie humo humo

Kuna kitu nakipenda sana kwenye Jupyter, ile programu ya kuandika na kuendesha kodi kwenye notibuku ndani ya brauza, na naona watu wengi wanaoitumia kila siku hawakijui. Mtu anafungua notibuku, anapakia faili la mauzo lenye mamilioni ya mistari, pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali ya data) inahangaika wee mpaka data inakaa kwenye ram, halafu akitaka skripti ya pembeni ya kuangalia kitu kidogo tu kwenye data hiyo hiyo anaipakia upya toka mwanzo. Kwenye laptop ya GB 8 hapo ndo mashine inaganda kabisa, maana sasa una nakala mbili za kitu kimoja. Na wala haikuwa lazima, skripti inaweza kuingia kwenye kikao kile kile kilichowaka na kutumia variabo ambazo ziko tayari.

Cha kuelewa kwanza ni kwamba ule ukurasa wa kwenye brauza sio unaoendesha kodi yako. Anayeendesha ni keneli, prosesi inayojitegemea kabisa, ndo maana ukifunga tabo ya brauza variabo hazipotei. Brauza inaongea na seva ya Jupyter, seva inaongea na keneli kwa soketi za ZeroMQ (maktaba ya kurushiana meseji kati ya prosesi), na keneli yenyewe inapokea wateja zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja bila shida yoyote. Hii ni kazi nzuri ya watu wa IPython, mradi uliozaa Jupyter, alioanzisha Fernando Pérez 2001, kwenye toleo 0.11 la 2011 ndo walitenganisha anayeandika kodi na anayeiendesha, na mpaka leo tunafaidi uamuzi ule.

Sasa skripti inajuaje pa kugonga? Kila keneli inapowaka kunaandikwa faili dogo la JSON lenye jina la mtindo wa kernel-namba-ndefu.json. Ukilifungua unakuta anwani, mara nyingi 127.0.0.1 (yaani mashine yako mwenyewe), unakuta poti 5 (shell, iopub, stdin, control na hb), halafu kuna ufunguo wa siri wa kusainia meseji. Kwenye Linux faili linakaa ~/.local/share/jupyter/runtime, mifumo mingine andika jupyter --runtime-dir utaonyeshwa. Ukiwa na notibuku kadhaa zimefunguliwa usikisie, nenda kwenye seli ya ile unayoitaka uandike %connect_info, itakutajia faili lake.

Kabla hujaandika skripti jaribu kwanza kwenye terminali: jupyter console --existing kernel-namba.json. Andika jina la variabo uliyoitengeneza kwenye notibuku uone inavyokuja. Mimi mara ya kwanza kuona dataframe yangu (jedwali la data la pandas) imetokea kwenye dirisha jingine bila kusubiri chochote nilifurahi sana kwa kweli.

Skripti yenyewe ni fupi hivi (mauzo ni ile dataframe iliyoko kwenye notibuku):

```python
from jupyter_client import BlockingKernelClient

mteja = BlockingKernelClient(connection_file="/njia/ya/kernel-namba.json")
mteja.load_connection_file()
mteja.start_channels()
mteja.wait_for_ready(timeout=30)
mteja.execute_interactive("print(mauzo.shape)", store_history=False)
mteja.stop_channels()
```

Ile store_history=False naiweka makusudi, bila hiyo namba za seli kwenye notibuku zinaruka, unatoka In [12] unakuta In [15] na mwenzako anayesoma anabaki kujiuliza hizo za katikati ziko wapi.

Kinachosumbua watu hapa ni iopub. Hiyo poti ni ya matangazo, kila kinachotoka kwenye keneli kinarushwa kwa wote waliounganishwa, kwa hiyo ukiacha execute_interactive ukaamua kusoma meseji mwenyewe kwa get_iopub_msg utasikia mpaka matokeo ya seli ambazo mtu anaendesha kwenye brauza. Dawa yake, execute ikikurudishia msg_id (kitambulisho cha ombi lako) itunze, halafu kila meseji inayokuja linganisha na msg_id iliyo ndani ya parent_header (sehemu inayosema meseji inajibu ombi lipi), isiyofanana iache ipite. Ya kwako utaiona inaanza na status ya busy (keneli iko kazini), zinafuata stream kama umeprint au execute_result au error, mpaka ije status ya idle (imemaliza), na hiyo idle ndo ishara kwamba matokeo yamekwisha kutoka, usikate kabla yake.

Jambo jingine, keneli ya Python inafanya kazi moja moja kwa foleni. Kama notibuku inatreini modeli, ombi la skripti yako litakaa kwenye mstari mpaka imalize, na wait_for_ready nayo iko kwenye foleni hiyo hiyo kwa hiyo timeout ikiwa fupi utapigwa RuntimeError wakati keneli ni nzima kabisa, ina kazi tu.

Halafu naomba sana hilo faili la JSON msilitume ovyo kwenye magrupu. Ule ufunguo ni wa kuhakikisha meseji imetoka kwa mtu halali, haufichi kilichomo ndani, na anayeupata akizifikia poti anaendesha kodi yoyote kwa jina lako, ikiwemo kufuta mafaili. Keneli ikiwa kwenye seva ya mbali pitisha kila kitu ndani ya ssh (muunganisho uliofichwa kwa siri), jupyter console ina --ssh ya kazi hiyo hiyo, usifungue poti hadharani.

Na mwisho wa skripti iwe stop_channels, sio shutdown. Ya kwanza inamwondoa mteja tu, ya pili inaizima keneli yenyewe na data yote iliyokuwa kwenye ram inaondoka nayo, hata kama kwenye notibuku kuna mtu bado anaitumia.