Mtoto kunyamaza baada ya operesheni sio kwamba haumii

Jamani hili linaniuma kila nikiingia zamu. Mtoto katoka operesheni, kalala kimya, hasumbui mtu, basi faili linaandikwa anaendelea vizuri na watu wanapita. Wengine wananyamaza kwa sababu wakilia mshono unavuta, na wengine wanaogopa wakisema wanaumia watachomwa sindano nyingine!

Ndo maana mi nikifika kitandani siishii kuuliza "unaumwa?", naangalia uso kaukunja, miguu kaivuta tumboni, anajigeuzaje, analiaje, na mama akimbembeleza anatulia au wapi. Hayo matano ndo kipimo cha FLACC, kila moja unalipatia alama 0 mpaka 2, jumla 10, kinafaa kuanzia miezi 2 mpaka miaka 7. Mkubwa kidogo namwonyesha picha za nyuso achague yake, halafu namwamini, hata kama dakika tano nyuma alikuwa anacheka.

Dawa sasa. Siku ya kwanza na ya pili zitolewe kwa kufuata saa, sio kusubiri mtoto apige kelele, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Parasetamoli kwa uzito wake, ukiongezea ibuprofeni kama hana sababu ya kuikwepa, mofini (dawa kali ya maumivu) inayohitajika inapungua. Na mofini yenyewe tusiiogope mpaka mtoto ateseke, unapima dozi vizuri, unakaa unahesabu pumzi na kuangalia kama anaamka ukimwita. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, hapana kabisa, Marekani walitoa onyo kali 2013 na 2017 wakaikataza kwa walio chini ya miaka 12, kuna watoto miili yao inaigeuza kuwa mofini haraka mno mpaka pumzi inakata.

Hapa ndo nesi mwenye ruhusa ya kuandika dawa anaokoa jahazi, kampima mtoto saa nane usiku kakuta 7, anabadilisha dozi palepale bila kungoja raundi ya asubuhi, halafu anarudi kupima tena. Huko kurudi ndo wengi tunakuruka, na bila hiyo hujui kama dawa imefanya kazi.

Wazazi tuiteni tu, hamtusumbui, ninyi ndo mnajua mtoto wenu akiwa sawa anakuwaje. Na mkiruhusiwa ulizeni dozi ya mwisho kapewa saa ngapi, na mkifika nyumbani msimchanganyie na dawa ya mafua kabla hamjasoma chupa, nyingi zina parasetamoli ndani.