Wentworth, jela ya Melbourne na ile kengele ya usiku

Mimi huku Melbourne nalea wazee, zamu ya usiku, na mwenzangu wa zamu ni mama mmoja mzungu mtu mzima ambaye Wentworth ameimaliza mara mbili, episodi zote 100, toka ilipoanza 2013 mpaka 2021. Yeye ndio kanianzisha. Wazee wakishalala tunaangalia kwa simu yake sauti chini na chai pembeni. Kwa wasioijua, ni tamthilia ya wanawake gerezani hapahapa Australia, imetokana na ile ya zamani ya Prisoner ya 1979, ambayo bibi zetu humu ndani wimbo wake bado wanaujua.

Sizoni ya kwanza nzima mimi nilikuwa nahesabu watu. Bea Smith mzungu, Franky mzungu, yule Ferguson mkuu wa gereza aliyekuja baadaye mzungu, kwa wafungwa mweusi niliyemwona na stori yake ya maana ni Doreen tu, kaigiza Shareena Clanton, Muaborijini mwenyewe, yaani wale wenyeji wa asili wa Australia. Na nisiwafiche, nilifurahi. Maana mliokuwa huku 2018 mnakumbuka, magazeti na wanasiasa hawakuwa na habari nyingine ila magenge ya Waafrika Melbourne, mpaka waziri mzima anasema watu wanaogopa kutoka kwenda kula usiku, na sisi tunapanda treni na yunifomu za kazi mtu anavuta mkoba wake akikuona. Sasa tamthilia ya jela isiyojaza weusi nikaona tumestiriwa.

Mpishi wetu wa asubuhi ni mama wa Kiaborijini, tunamwita Aunty, kwao ni heshima kama sisi tunavyomwita mtu mzima mama hata kama hajakuzaa. Siku moja kaingia saa kumi na moja alfajiri katukuta tunaangalia, nikamwambia furaha yangu hiyo. Akaniangalia sana. Akasema kwao hakuna ukoo ambao hauna mwanamke aliyelala ndani, sasa hao kwenye hiyo simu wako wapi?

Nilienda kusoma jamani. Waaborijini hawafiki watu 4 katika kila 100 nchi hii, lakini wanawake waliofungwa nchi nzima zaidi ya theluthi ni wao. Theluthi! Na wengi hawajaua mtu wala hawana genge kama kwenye tamthilia, ni vikesi vidogo na kunyimwa dhamana. Sheria ya dhamana hapa Victoria, jimbo letu la Melbourne, ilikazwa mwaka huohuo wa 2018 wa zile kelele. Kuna mwanamke wa Kiaborijini, Veronica Nelson, alikamatwa mwisho wa Desemba 2019 kwa mambo ya kuiba vitu dukani, akajitetea mwenyewe mahakamani bila wakili, dhamana akanyimwa, tarehe 2 Januari 2020 akakutwa amekufa selo gereza la Dame Phyllis Frost, hapahapa magharibi mwa mji. Alikuwa na miaka 37. Alikuwa anaumwa, na alibonyeza intakomu kuomba msaada zaidi ya mara 40.

Hapo ndio nilipolia, maana kazi yangu mimi ni kengele. Nina bibi hubonyeza mara kumi, kumi na tano usiku mmoja, mara nyingine anataka tu kuambiwa ni saa ngapi, na naenda zote, nikichelewa naandikiwa ripoti. Mara 40 yaani usiku mzima mtu anakusikia kabisa.

Afisa wa mahakama aliyechunguza kifo hicho alisema 2023 kwamba ile sheria ni balaa tupu, ikarekebishwa, 2025 wakaikaza tena.

Kwa hiyo kile nilichokiita stara nimekifuta. Kumtoa mtu kwenye picha ya jela wakati mwenyewe yumo ndani haijamsaidia, imewasaidia wanaoangalia wakae kwenye makochi wakidhani jela ni ugomvi wa Bea na Ferguson.

Sasa tuko sizoni ya 6, ameingia Rita, kaigiza Leah Purcell huyo, na mdogo wake Ruby, Waaborijini wote wawili, na siku hizi stori inawafuata wao, siyo kupita nyuma ya meza na trei. Ila Rita naye kumbe ni polisi kaingizwa kwa siri, hilo Aunty halijamkaa vizuri. Lakini anaangalia. Anasimama nyuma yetu na aproni yake, uji wa wazee jikoni unasubiri, na Leah Purcell akiongea hataki mtu aseme neno.